Kujiongoza si kuachwa peke yako

Umeuliza iwapo kumruhusu mtu anayejitolea kufanya kazi ugenini apange mafunzo yake mwenyewe si njia ya mkufunzi kukwepa kazi. Naamini ni kinyume kabisa. Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka watu wa kujitolea nchi za nje, lililoanzishwa mwaka 1961, liliwaandaa watu wake wa mwanzo vyuoni, kwa mihadhara mingi. Mwaka 1967 Roger Harrison na Richard Hopkins, katika makala yao kuhusu mafunzo ya aina hiyo, walieleza kasoro ya mtindo huo: darasani mwanafunzi hupewa tatizo lililokwisha kuainishwa na mtaalamu, ilhali kituoni anakopelekwa kufanya kazi hukuta hali isiyoeleweka vizuri, taarifa pungufu, na watu ambao ni lazima aaminiane nao kabla hajafanya lolote. Kwa hiyo ni bora mwanagenzi azoee mapema kuamua anachohitaji kujua, kumtafuta wa kumwelekeza, kujaribu, kukosea, kisha kuketi na wenzake kuchambua kilichotokea.

Uchambuzi huo ndio unaopuuzwa mara nyingi, na hilo linanisikitisha, kwa sababu mtu anaweza kuishi ugenini miaka miwili na kuondoka na dhana zilezile alizokuja nazo. Mkufunzi anapaswa kuwapo na kuuliza: ulitarajia nini, uliona nini, na wenyeji wako walikielewaje kitendo chako? Aulize bila kuharakisha kutoa jibu, jambo ambalo ni gumu kuliko kuhutubia. Masuala ya afya na usalama, hata hivyo, yasiachwe kwa hiari ya mwanagenzi. Hayo yafundishwe moja kwa moja, kwa ratiba, kabla ya safari.