Mwanafunzi wa Shahada ya Kwanza Aanzie Wapi Kufanya Utafiti?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya hisabati. Wenzangu wa kemia na biolojia wameanza kupokelewa katika maabara za wahadhiri wao, lakini sisi wa hisabati tunaambiwa tusubiri hadi shahada ya uzamili. Je, ni lazima? Na nafasi za utafiti wakati wa likizo, hasa za nje ya nchi, zinapatikanaje?

JIBU: Ndugu msomaji, si lazima. Ni kweli kwamba katika maabara mgeni anaweza kufaa tangu wiki za mwanzo, kwa kuandaa sampuli au kurudia vipimo huku akijifunza, ilhali katika hisabati kazi za namna hiyo ni chache. Hata hivyo, yapo matawi ambayo maswali yake hayadai miaka mingi ya maandalizi, kama vile nadharia ya grafu (mitandao ya nukta zilizounganishwa kwa mistari), sehemu kadhaa za nadharia ya namba, na uundaji wa modeli za kuenea kwa magonjwa. Tangu mwaka 1977, mwanahisabati Joseph Gallian aliwakusanya wanafunzi wa shahada ya kwanza mjini Duluth, Marekani, kila mmoja akapewa tatizo lake ambalo halijatatuliwa, na kazi nyingi zilizotoka huko zilichapishwa katika majarida ya kitaalamu. Mwaka 2002, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, waliokuwa ndiyo kwanza wamemaliza shahada ya kwanza mjini Kanpur, India, walishirikiana na mwalimu wao Manindra Agrawal kupata njia ya kupima kama namba yoyote ni tasa, njia isiyotegemea kubahatisha wala dhana ambayo haijathibitishwa, na ambayo muda wake hauongezeki kupita kiasi tarakimu zinapozidi. Mafanikio ya kiwango hicho ni nadra mno, lakini kazi yao ilikuwa imeanzia katika mradi wa kawaida wa kuhitimu.

Kuhusu nafasi za nje, anza kwa kusoma masharti ya uraia kabla hujaandika hata sentensi moja ya maombi. Programu ya REU, yaani ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, inayogharimiwa na Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani tangu mwaka 1987, ndiyo inayotajwa zaidi, lakini fedha zake zimetengwa kwa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Kwa upande mwingine, CERN, kituo cha fizikia ya chembe kilichopo karibu na Geneva, kina programu ya likizo inayopokea pia wanafunzi kutoka nchi zisizo wanachama, na OIST, taasisi ya sayansi na teknolojia huko Okinawa, Japani, hupokea wanafunzi wa mataifa mbalimbali kwa mafunzo ya utafiti.

Hata hivyo, ninaamini kwa dhati kwamba mlango wako wa kwanza ni mhadhiri anayekufundisha sasa, kwa sababu programu hizo nazo zitataka barua ya mtu anayeijua kazi yako. Usimwendee na ombi la jumla la kutaka kufanya utafiti, kwani utakuwa umemtwisha kazi ya kukutafutia swali. Soma kwanza makala yake moja, hata kama utaelewa kurasa tatu tu, kisha mwandikie kwa ufupi ukitaja ulipokwama, masomo uliyokwisha kuyamaliza, lugha ya programu unayoimudu, na saa unazoweza kutenga kila wiki bila kuyaathiri masomo yako. Asipojibu, mkumbushe kwa adabu baada ya wiki mbili. Wahadhiri wengi hukawia kwa wingi wa kazi, si kwa dharau.

SWALI: Na likizo ikiisha bila matokeo mapya?

JIBU: Hilo hutokea mara nyingi, hata kwa maprofesa. Andika ripoti inayoeleza hali maalumu ulizozichunguza, mifano iliyozikanusha dhana zako, na hatua ambayo uthibitisho wako ulikataa kwenda mbele, ukiambatanisha na programu ulizoziandika. Mpe mhadhiri wako ripoti hiyo kabla muhula haujaanza, kwa sababu ndiyo atakayoitegemea atakapoandika barua ya kukupendekeza.