Tuanze Sasa au Tusubiri Iishe? Majibu kwa Wapenzi wa Gemu

Shikamoo dada. Sisi ni marafiki watatu, tunasoma chuo hapa Morogoro na tunachezea gemu kwenye laptop moja. Tumemaliza Sura ya 4 ya Deltarune, na tangu hapo ni ubishi mtupu. Mmoja anasema bora tungesubiri sura zote saba zitoke ndipo tuanze. Mwingine anasema hakuna haja ya kuumiza kichwa kuchagua wakati mwisho ni mmoja. Mimi naipenda sana, ila wakinibana sina la kuwajibu. Tusaidie. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mdogo wangu. Umegusa gemu ninayoipenda kuliko zote za miaka hii, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza niwaeleze wasomaji wengine. Deltarune ni gemu ya kuigiza wahusika ya Mmarekani Toby Fox, yule yule aliyetuletea Undertale mwaka 2015. Hadithi ni yake, na muziki kwa sehemu kubwa ni wake pia. Inatoka sura kwa sura: ya 1 ilitoka Oktoba 31, 2018, ya 2 Septemba 2021, ya 3 na ya 4 zikaja pamoja Juni 2025, na ya 5 imetangazwa kwa mwaka 2026. Unamwongoza Kris, binadamu anayeishi katika mji wa mazimwi, akiwa na Susie, mwanafunzi mwenzake mbabe, pamoja na Ralsei, mwana wa mfalme mpole kutoka Dunia ya Giza.

Sasa huyo anayetaka kusubiri. Hebu ahesabu: kati ya sura ya kwanza na ya pili ilipita karibu miaka mitatu, kisha ikapita mingine karibu minne. Aliyeamua mwaka 2018 kungoja iishe, hadi leo hajaona hata ukurasa wa kwanza, na baada ya ya 4 kuna tatu nyingine. Wazazi wetu walisoma hadithi za mfululizo magazetini, wakashinda wiki nzima wanabishana nani mwongo na nani muuaji. Toleo jipya likifika, kila mmoja analifungua akiwa na upande wake. Hicho ndicho mnachokifanya hapo chuoni kwa sasa, na ukisubiri gemu iishe unakikosa moja kwa moja, maana majibu yatakuwa yamesambaa kila mahali kabla hujashika kitufe. Nawashauri kila mmoja aandike kwenye daftari anaamini Knight, yule adui wa siri wa gemu hii, ni nani na kwa nini, tarehe juu, kisha daftari lifungwe mpaka mtakapocheza sura inayofuata.

Kuhusu mwisho mmoja, rafiki yako hajadanganya. Toby Fox mwenyewe alieleza mwaka 2018 kwamba gemu hii itakuwa na mwisho mmoja tu. Hata inavyoanza inakuonyesha hivyo: unaulizwa maswali, unachagua kichwa, mwili na miguu ya mhusika wako, halafu kazi yote hiyo inatupwa na unapewa Kris. Lakini mwambie arudi Sura ya 2 aangalie mji wa Ralsei. Maadui uliowasamehe wanahamia pale, mji unachangamka. Uliowatwanga hawaji. Na ndani ya sura hiyo hiyo ipo njia ya siri inayomhusu Noelle, binti anayesoma darasa moja na Kris, ambayo siwezi kuisimulia hapa kwa heshima ya wasiofika. Mliopita huko mnajua mlichomfanyia yule binti, na sura zinazofuata zinakikumbuka. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko miisho kumi ya kuchagua kama vyakula kwenye menyu. Mwisho mtafika wote, ila hamtafika mkiwa na watu wale wale, wala moyo ule ule.

Na kama bado haridhiki, mkumbushe Susie wa Sura ya 1. Mnakumbuka? Mwanzoni hasikii amri yako kabisa. Kris na Ralsei wanataka kumaliza ugomvi kwa maneno, yeye kila zamu anashusha shoka. Kinachobaki ni kuitumia zamu ya Kris kumwonya adui, ili shoka likija akwepe. Yaani zamu yako nzima inakwenda kumlinda adui dhidi ya mwenzako! Halafu kuna mahali, baada ya mengi kutokea, unafika kwenye pambano na Susie anasubiri umwambie afanye nini. Hakuna hotuba ndefu ya kueleza kwamba sasa anakuamini. Unaona tu jina lake limeanza kutii vitufe vyako. Mimi nimecheza magemu mengi ya bajeti kubwa yenye waigizaji wa filamu, na ni machache yaliyonigusa hivyo.

Jambo jingine, kwa kuwa mko watatu. Deltarune ina lugha mbili tu rasmi, Kiingereza na Kijapani, na mazungumzo yake karibu yote ni maandishi yanayosindikizwa na vijisauti. Wengi wanaliona hilo kuwa tatizo. Nyumbani kwetu Tabata tumeligeuza kuwa tamthilia. Mpwa wangu mkubwa anamsoma Susie, anatafsiri papo hapo kwa Kiswahili cha konda wa daladala saa moja asubuhi: "Sogea wewe, unanizibia njia!" Mimi namsoma Ralsei, taratibu, kwa adabu zote. Mdogo wake, ambaye Kiingereza bado kinampa shida, ndiye mwenye vidole. Mapambano yakianza, ule moyo mwekundu ndani ya kisanduku, unaouongoza kukwepa risasi za adui, ni wake. Gemu inampa zawadi anayethubutu: risasi ikikupita karibu sana bila kukugusa, unajaza nguvu za kufanyia uganga. Basi mtoto anausogeza moyo pembeni kabisa ya risasi, sisi wawili tunapiga kelele, yeye katulia tuli. Gawaneni wahusika namna hiyo mrudie Sura ya 1, mtasikia vichekesho ambavyo mlivipita kimya kimya.

Na kwa kuwa laptop ni moja: zipo nafasi tatu za kuhifadhi. Kila mtu achukue yake, asiguse ya mwenzake. Ukimaliza sura, rekodi yako inahamia nawe kwenye inayofuata, kwa hiyo huyo asiyejali kuchagua acheze bila kujali, na wewe ucheze unavyojua. Sura ya 5 ikifika linganisheni.

Dada, salamu kutoka Mombasa. Mimi na binamu zangu tuna kompyuta kuukuu iliyotoka ofisini, haina kadi ya picha. Kila mtu anazungumzia Clair Obscur na Silksong. Sisi tucheze nini, na hela yenyewe ni ya kuchanga? (Msomaji, Mombasa)

Salama sana. Msichange kitu bado. Anzeni na toleo la majaribio la Deltarune, lina Sura ya 1 na ya 2 nzima, na ni bure kabisa. Halina uzito, kompyuta hiyo italibeba, na likishapakuliwa halitaki bando tena. Mkilipenda, gemu kamili iliuzwa kwa takribani dola 25 ilipotoka, unalipa mara moja na sura zitakazofuata unaletewa bila kuongeza senti. Sijui watengenezaji wangapi leo wanaokupa saa nyingi hivyo kabla ya kukuomba pesa.

Clair Obscur: Expedition 33 inastahili sifa zake. Imetengenezwa Montpellier, Ufaransa, ikatoka Aprili 2025, na Desemba ikachukua tuzo ya gemu ya mwaka kwenye The Game Awards. Katika hadithi yake, kila mwaka kiumbe anayeitwa Mchoraji anaandika namba, na wote wenye umri huo wanatoweka, sasa imefika 33. Mnapigana kwa zamu lakini lazima ukwepe na kuzuia kwa wakati, kwa hiyo aliyezoea Deltarune hatapotea. Ila kwa mashine yenu, hapana. Mtaiona ikikatakata mpaka mkasirike. Silksong ya Team Cherry wa Adelaide, Australia, ni nyepesi zaidi, na iliuzwa dola 20 ilipotoka Septemba 2025 baada ya watu kuisubiri tangu itangazwe 2019. Nzuri mno, ngumu mno. Mnaoshika vitufe kwa zamu na mdogo wenu analia akishindwa, iacheni kwanza.

Badala yake chukueni Stardew Valley, kazi ya mtu mmoja, Eric Barone, ya mwaka 2016. Mnalima, mnavua, mnagombania nani amwagilie. Inakubali hata simu.

Na kama kuna ndugu mwenye PS5, mfuateni siku ya Jumapili mwombe Tales of Kenzera: Zau. Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliitunga akiwa katika msiba wa baba yake, ikatoka Aprili 2024. Nendeni kwenye mipangilio mchague sauti za Kiswahili. Ndiyo, wahusika wanazungumza Kiswahili, gemu nzima. Tuinunue, tuizungumzie, tuwaonyeshe wenye makampuni kwamba tupo.

Mwanangu ana miaka kumi na moja na anashinda kwenye hiyo Deltarune. Naona mazimwi na giza. Ni gemu ya mauaji? (Mama, Dodoma)

Mama, asante kwa kuuliza badala ya kuizima tu. Unaweza kuipita bila kumuua yeyote, na hivyo ndivyo watoto wengi wanavyoicheza: wanamsifia adui, wanamchekesha, kisha wanamsamehe. Sura ya 1 na ya 2 sina wasiwasi nazo, isipokuwa ile njia ya siri niliyoitaja juu, ambayo si rahisi mtoto kuiangukia kwa bahati mbaya. Sura ya 4 ndiyo ina sehemu za kutisha kweli, zinazotokea kanisani, na nisingependa mtoto wa umri huo azione peke yake usiku.

Mwombe akuanzishie Sura ya 1 kwenye nafasi yako mwenyewe ya kuhifadhi, akae pembeni akutafsirie. Mwambie asikusaidie kwenye mapambano mpaka umwombe.