Nyati Hasomi Namba za Bunduki

Kijana mmoja wa Njoro ameniandikia juzi. Amepata kibarua kwenye kitalu cha uwindaji Tanzania, na swali lake ni lile lile la kila mtu: bunduki gani kubwa zaidi ya kumwangusha nyati?

Ndugu yangu, umeanzia mkiani.

Msimu mmoja nilikuwa mbeba bunduki wa mgeni aliyekuja na .460 Weatherby mpya, inang'aa kama sinia la harusi; namba hiyo ni kadiri ya upana wa tundu la mtutu kwa inchi. Kambini alipoijaribu kwenye shabaha nilimwona: kabla hajafyatua, macho yameshafumba na bega limeshakimbia. Nikamwambia kwa heshima, bwana, tumia .375 ya kambi, itakutii. Akanitazama kama mtu aliyeshauriwa na kiti. Siku ya tatu akampiga dume tumboni. Tulifuata damu kwenye vichaka mpaka jua likaegemea, mwindaji bingwa, yule anayeongoza wageni, akammaliza kwa umbali ambao sitaki kuukumbuka. Jioni mgeni akasema sisi wafuata nyayo ndio tuliomharakisha. Hakuna mkubwa aliyenitetea. Linaniuma hadi leo, sifichi.

Mwaka uliofuata akaja mama mmoja mfupi na .375 H&H kuukuu, rangi imebanduka kwenye kitako. Risasi hiyo ilitengenezwa na Holland & Holland wa London mwaka 1912 na bado haijapitwa. Alisubiri dume ageuke ubavu, akapiga mara moja, akaongeza ya pili bila kuambiwa. Aliyemwelekeza pa kulenga ni mimi. Tangu hapo mwindaji bingwa akitaka kujua kama mgeni yuko tayari, huniuliza mimi kwanza.

Basi sikiliza. Kwa nyati, .375 ndicho kiwango cha chini, na ukitumia kichwa, kile kipande kinachoruka, cha gramu 19 hivi kinatosha. Ukiimudu .416 Rigby, yenye kichwa cha gramu 26, ni heri zaidi. .458 ya gramu 32 ni ya bega lililozoea. .30-06 mwachie swala na tandala. Watu watakutajia Bell, yule Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, ng'ambo ya Mlima Elgon, kwa bunduki ya milimita 7. Kweli aliua tembo zaidi ya elfu, lakini alilenga ubongo, akitumia risasi ngumu zisizopanuka, na mkono wake hukuzaliwa nao wewe.

Namba ni nusu ya habari. Kichwa laini cha bei rahisi, chenye ganda jembamba la shaba, kikigonga mfupa wa bega kwa karibu hupasuka na kuishia kwenye nyama. Tafuta kile ambacho madini ya risasi ndani yake yameshikana na ganda, au cha shaba tupu: hupanuka bila kuvunjikavunjika. Risasi ngumu hupenya moja kwa moja, nzuri kwa nyati aliyejeruhiwa anayekukimbia. Kwenye kundi usianze nayo, maana hutokea upande wa pili na kumjeruhi asiyehusika, na huyo naye utamfuata vichakani.

Vijana mnapenda ukubwa. Mnataka jina la bunduki la kutaja mbele ya wenzenu, halafu mazoezi mnayakimbia. Piga risasi ndogo kila unapopewa nafasi, umesimama, si umekaa mezani, mpaka jicho likome kufumba.

Na Kenya usijaribu lolote: uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na jela haitaki kujua ulikuwa unajifunza. Unachoweza ni kulipa kiingilio Ziwa Nakuru, ubebe darubini. Moyo wa nyati uko chini kuliko unavyodhani, katikati ya mabega, theluthi ya kwanza kutoka chini ya kifua kwenda juu. Mtazame anapogeuka, fuata mstari wa mguu wa mbele kwenda juu, na kila mara uangalie nyuma yake amesimama nani.