Usianze ukatibu wa timu bila barua. Mimi imenila miaka saba

Mdogo wangu, usianze hiyo Jumatatu. Nimesoma uzi wako mara mbili, na pale ulipoandika kwamba mwenyekiti amekuambia "wewe anza tu, karatasi zitafuata", nimeshindwa kulala. Maneno hayo nayajua. Niliambiwa hayo hayo, hapa hapa Arusha, na mzee aliyekuwa ananiita binti yangu.

Umesema goti limegoma, daktari amekukataza mpira, una miaka 26 na timu ya wasichana uliyoichezea misimu mitano inataka uwe katibu. Umeuliza kama uache kazi ya dukani, kama usomee ukocha au utawala, na mtu huchukua muda gani mpaka agombee nafasi mkoani. Naanza na barua ya uteuzi, maana hapo ndipo nilipoumia.

Nilikuwa beki wa kushoto. Nilitundika daluga 2012, ligi kuu ya wanawake yenyewe ilikuwa haijazaliwa, ilikuja msimu wa 2016/17. Yule mzee, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa timu yangu, akaniita, akasema timu haina mtu wa kuandika, nikakubali siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo nilifanya kila kitu. Wasichana niliwapeleka kupigwa picha za pasipoti steshenari ya Kaloleni, leseni zao nikazibeba kwenye bahasha hadi uwanja wa Sheikh Amri Abeid, asubuhi ya mechi nikakaa na kamisaa, yule msimamizi wa mechi, na waamuzi tukakubaliana rangi za jezi. Tukicheza uwanja wa Ushirika kule Moshi, mimi ndiye niliyepatana na dereva wa Kosta, na mara mbili nilimlipa kwa hela ya genge la mama yangu. Usajili ulipohamia mtandaoni nilikesha naingiza majina, ila nenosiri lilikuwa la mwenyekiti. Maana yake kwenye mfumo kila mchezaji niliyemsajili mimi amesajiliwa na yeye.

Sasa sikiliza hili vizuri. Mihtasari ya vikao niliiandika mimi, kwa mkono, kwenye kaunta buku. Naandika waliohudhuria, naandika nani kasema nini, naandika maazimio. Jina langu siliweki, kwa sababu niliona mwandishi ni mwandishi tu. Na pale chini palipoandikwa "Katibu" alikuwa anasaini shemeji yake mzee, ambaye jina lake ndilo lililopelekwa kwa msajili wa vyama vya michezo wakati timu inaandikishwa. Huyo shemeji sikumbuki kumwona uwanjani zaidi ya mara tatu. Nilipouliza, mzee akanijibu: "Binti yangu, mpira wetu ni familia, haya ya karatasi tuwaachie mahakama." Nikaridhika. Nilikuwa nampenda kama baba.

Mwaka 2019 nikachukua fomu ya kugombea ujumbe kwenye chama cha mpira. Ada nimelipa, cheti cha kidato cha nne ninacho, uzoefu nimeandika miaka saba ya ukatibu. Siku ya usaili nikaenda na picha, na jezi, na lile kaunta buku. Mmoja wa wajumbe akalifungua, akasoma ukurasa mmoja, akaniuliza jina langu liko wapi. Akaniomba barua ya uteuzi. Sina. Akauliza nani anaweza kuthibitisha, nikampa namba ya mzee. Wakampigia mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika, nikamsikia kwa masikio yangu: "Ndiyo, huyo binti alikuwa anatusaidiasaidia."

Miaka saba. Kusaidiasaidia.

Nikakatwa. Wale wa usaili sina ugomvi nao, hakuna mtu anayeweza kupitisha uzoefu wa mdomo. Ugomvi wangu ni na yule mzee, na nitausema mpaka nizeeke, kwa sababu alijua. Kwenye uchaguzi ule ule yule shemeji naye alichukua fomu, na uzoefu alioandika ulikuwa ukatibu wa timu yetu. Akapita. Alipita na mihtasari ya mwandiko wangu! Halafu nikakumbuka kwamba hata 2017, nilipoomba kwenda kozi ya uongozi, waandaaji walitaka barua ya utambulisho kutoka timu na mzee akampeleka shemeji. Wakati ule nilidhani ni bahati mbaya. Sasa niambie, familia gani hiyo ambayo muhuri unakaa kabatini kwa mtu mmoja?

Umemtaja Lise Klaveness wa Norway, kwamba ulimwona akihutubia mkutano mkuu wa FIFA pale Doha Machi 2022 na ukatamani. Hata mimi namheshimu sana. Lakini wewe umeona jukwaa. Kabla ya jukwaa alikuwa ameichezea timu ya taifa zaidi ya mechi 70, ni mwanasheria, na alishakuwa mkurugenzi ndani ya shirikisho hilo hilo kabla hajachaguliwa kuwa rais. Kila hatua ina cheo na cheo kina tarehe. Au mtazame Cindy Parlow Cone wa Marekani, mshambuliaji aliyetwaa Kombe la Dunia 1999. Alichaguliwa makamu wa rais wa shirikisho lao 2019. Machi mwaka uliofuata Carlos Cordeiro akajiuzulu, na yeye ndiye aliyekalia kiti, kwa sababu makamu alikuwa yeye kwa maandishi. Angekuwa anawasaidiasaidia tu pale ofisini, nani angemwita?

Kwa hiyo kabla ya Jumatatu omba kuiona katiba ya timu, ile iliyoandikishwa kwa msajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT). Soma katibu anapatikanaje. Kama anachaguliwa na mkutano mkuu, barua ya mwenyekiti peke yake haitakubeba, unahitaji muhtasari wa mkutano huo wenye jina lako na saini za waliokuwepo. Kama anateuliwa, basi barua iwe na kichwa cha timu, jina lako kama lilivyo kwenye cheti (siyo jina la utani la uwanjani), cheo, tarehe ya kuanza, saini na muhuri. Toa nakala, peleka kwa afisa michezo wa halmashauri, na usiondoke pale mpaka nakala yako imegongwa kwamba imepokelewa. Kwenye mfumo wa usajili dai akaunti yako mwenyewe. Akikupa nenosiri lake, kataa, hata kama dirisha la usajili linafungwa usiku huo. Najua itakuuma kuwaona wasichana wakikosa usajili, mimi ndicho kilichonifanya nikubali kila mwaka.

Duka usiache. Ukatibu wa timu za wasichana kwetu haulipi kodi ya nyumba, na mwenye njaa ndiye anayeambiwa "anza tu" akakubali.

Na usiogope kuonekana mkorofi. Mwenyekiti mwenye nia njema ataandika barua hiyo kwa dakika kumi. Asiyekuwa nayo atakuambia huna imani naye, atakukumbusha jinsi alivyokununulia viatu ukiwa na miaka 15, ataita wazee wa timu waje wakuseme. Mimi hayo nayajua na bado nasema: usiguse leseni hata moja.

Nijibu hapa kitu kimoja kabla hujaonana naye. Jina la katibu lililoko kwa msajili sasa hivi ni la nani, na ana undugu gani na mwenyekiti?