Goli la Jumapili lilikuwa ofsaidi, na bado nasema

Juzi kijana mmoja ameniandikia kwa WhatsApp, sitamtaja, anashika kibendera kwa mechi za kartiye huku kwetu Goma na ni mwezi wa pili tu tangu aanze. Anasema: "Mukubwa, samahani nikuulize. Wewe walikutukana vile na ukarudia kiwanjani, mie wamenitukana mara moja tu na sisikii tena hamu. Unafanyaka aje?" Nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza, juu hiyo video ya goli nililolikataa bado inazunguka, ata shemeji yangu wa Bukavu ameiona na akanitumia na vichekesho juu yake.

Basi wacha niieleze vizuri mara moja, wenye kutukana wasome pia.

Ilikuwa fainali kwa kiwanja kimoja cha Ndosho, mnakijua, ile changarawe nyeusi ya volkano, ukianguka unaamka bila ngozi ya goti. Laini zimechorwa na majivu, dakika ya 20 zimeshafutika zote na viatu. Zawadi mbuzi moja na jezi. Mbuzi mwenyewe amefungwa palepale nyuma ya goli, anakula ganda la ndizi, hana habari. Dakika ya 83, ni 1-1, kiungo wa wale wenye nyekundu anapiga pasi ndefu kupita kati, winga wao anachomoka, anabaki peke yake na kipa, anafunga. Mie kibendera juu: ofsaidi, winga amewapita mabeki kabla pasi haijatoka.

Kufumba na kufumbua kiwanja chote kiko kwangu. Mzee mmoja amenishika kola ananiuliza mbuzi amenipa nani. Arbitri wa kati, mwamuzi mwenye filimbi, akaja akasimama mbele yangu, namshukuru mpaka leo. Goli likafutwa, wakaenda penalti, wale wenye nyekundu wakapoteza. Saa mbili usiku video iko kwa magrupu yote, imesimamishwa pale mpira unatoka mguuni, mtu amechora laini nyekundu kwa kidole, imepinda kama barabara ya Sake, na chini ameandika VAR YA GOMA (VAR ni ile video ya kuwasaidia maarbitri).

Sasa sikiliza, kadogo, juu hapa njo penye somo. Yule aliyefilma alisimama kwa kona. Ukiwa kwa kona unaona wachezaji kwa mshazari, yule wa karibu na wewe anaonekana yuko nyuma, yule wa mbali anaonekana mbele, au kinyume, inategemea upande. Laini ya kweli inaonwa na mtu aliye kwa laini yenyewe. Kisha simu nyingi zinachukua picha 30 kwa sekunde. Winga anakimbia mita 7 kwa sekunde, beki anapanda kwa kasi ileile kumuacha nyuma, piga hesabu mwenyewe: kati ya picha moja na nyingine wameshapishana karibu sentimita 47. Huyo mwenye kidole alisimamisha picha gani? Ya mpira ukiguswa, ao ya mpira umeshaondoka?

Wenzetu wa Kombe la Dunia Qatar 2022 walikuwa na kamera 12 chini ya paa, zinafuata sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde, na ndani ya mpira kulikuwa kifaa kinachotuma habari mara 500 kwa sekunde ili wajue lini hasa umepigwa. Njo maana mechi ya kwanza kabisa goli la Enner Valencia wa Ecuador lilifutwa dakika za mwanzo, juu ya mguu wa mwenzake, kitu ambacho hakuna jicho la mtu lingekiona. Halafu wewe na simu yenye kioo kimepasuka unaniita mwizi.

Na hata hiyo mashine haiondoi mtu. Mwezi wa 9, 2023, Tottenham na Liverpool, Luis Díaz alifunga goli safi, kibendera kikapanda, watu wa VAR wakaangalia wakaona hakuna ofsaidi, ila walidhani kiwanjani goli limekubaliwa, wakasema tumemaliza, mchezo ukaendelea! Liverpool wakapoteza 2-1. Na sisi Waafrika tusisahau fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019 kule Radès, Tunisia, goli la Wydad wa Morocco limefutwa, wakaomba VAR, kumbe VAR haifanyi kazi siku hiyo, wakakataa kuendelea, Espérance wa Tunisia wakapewa kombe. Ile ni fainali ya Afrika. Mie niko Ndosho na mbuzi.

Kwa hiyo ushauri wangu: kaa kwa laini. Laini ya beki wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa, si laini ya mpira, isipokuwa mpira umempita huyo beki. Macho yabaki kwa beki, pasi uisikie kwa masikio, ule mlio wa mguu kwa mpira, ukigeuza shingo kutazama mpigaji umeshachelewa. Mikono ya mchezaji haihesabiwi. Akiwa sawasawa na beki si ofsaidi, wazee watakupigia kelele juu wao wamebaki na sheria ya kabla ya 1990, waache. Na ukiwa na mashaka kibendera kibaki chini. Kaa kwa laini, narudia.

Shida ya vijana wa leo munapenda ile jezi nyeusi na filimbi shingoni, munapenda kuitwa arbitri, munataka muwe kama arbitri wetu Ndala Ngambo muchezeshe CAN, Kombe la Mataifa ya Afrika, lakini mbio asubuhi hamutaki, kitabu cha sheria hamujafungua. Mtu anasoma sheria namba 11, ile ya ofsaidi, siku ya mechi, akiwa kwa moto! Mie ninakimbia kila siku saa kumi na moja na nusu, barabara ya Himbi, na miaka yangu hii.

Haya, kuna kitu sijasema kwa magrupu na nitakisema hapa. Jumapili ile sikuwa kwa laini. Upande wangu mama wa mandazi alikuwa ameweka beseni yake palepale ninapopita, na watoto wamemzunguka, pasi ilipotoka nilikuwa nazunguka beseni, nimebaki nyuma kama mita mbili. Niliona winga yuko mbele. Naamini alikuwa mbele, ningeapa. Ila niliona nikiwa mita mbili nyuma, na kwa hesabu ileile niliyowafundisha hapo juu, yule wa video na mie tulikuwa na kasoro moja. Sheria inaniambia nini nikiwa na mashaka, nimeshaiandika. Lakini mashaka sikuwa nayo, nayo imekuja usiku, nimelala.

Kapteni wa wale wenye nyekundu bado hanisalimu, tunapishana kwa Birere anageuza uso.

Jumapili hii niko tena, kiwanja kilekile, upande uleule. Jana nilipita kwa mama wa mandazi, nikanunua ya franka elfu moja, nikamwomba beseni aipeleke nyuma ya goli. Amesema ataangalia.