Unga wa mawe ya volkano kwenye bloku: jibu kwa ndugu wa mtaa wa Keshero, Goma

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kusaga mawe meusi yaliyojaa kwenye parsele (kiwanja) yako na kuyatia kwenye bloku ili ununue sementi kidogo. Mimi ni masoni (mwashi) hapa Goma, na bloku za changarawe nyeusi ndizo zinazonilisha, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Changarawe ya volkano ikiwa bado punje ni kokoto tu. Inajaza bloku na kuifanya nyepesi, lakini haishikishi chochote. Ili ishikishe, lazima isagwe mpaka iwe laini kama unga wa muhogo. Sementi ikikutana na maji huzaa chokaa ndani yake. Unga wa volkano wenye silika (madini yaleyale yaliyo kwenye mchanga na kioo) huishika chokaa hiyo polepole na kuongeza ugumu. Ndiyo maana bloku za namna hii huwa dhaifu wiki za mwanzo, na nguvu yake huendelea kupanda hata baada ya miezi miwili, mitatu.

Sasa shida ya kwetu. Lava ya Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ina silika kidogo kuliko ya volkano nyingi. Ndiyo sababu ni nyepesi kutiririka, na mwaka 1977 ilishuka kwa kasi hata watu wakakosa muda wa kukimbia. Tena jiwe gumu lililopoa taratibu halifai kusagwa. Afadhali ile changarawe yenye matundu, iliyopoa ghafla. Kwa hiyo usiamini rangi, pima. Changanya sehemu moja ya chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji) na mbili za unga wako, tia maji kidogo, jaza kopo, funika wiki moja penye unyevu, kisha lizamishe ndani ya maji wiki tatu. Chokaa peke yake haigandi majini. Mchanganyiko ukiwa mgumu, unga wako unafanya kazi. Ukibaki tope, tumia changarawe hiyo kama kokoto na uache habari ya kusaga.

Ukiwa na mtu bonde la Ruzizi, muulize maganda ya mpunga. Majivu yake karibu yote ni silika, ila yachomwe kwa moto wa wastani. Moto mkali sana huyaharibu. Majivu ya makala ya jikoni hayachukui nafasi hiyo.

Hata kopo likikupa jibu zuri, usipunguze zaidi ya moja ya tano ya sementi, na nguzo na linteli (boriti za juu ya milango na madirisha) uziachie sementi kamili. Mitetemeko ya Mei 2021 ilipasua nyumba nyingi mjini. Hapo si pa kubania.

Jambo linaloniuma zaidi ni maji. Bloku zinaanikwa juani na kuuzwa kabla hazijakomaa, kwa sababu maji ni ya kubeba na mteja ana haraka. Zenye unga wa volkano zifunike kwa magunia yaliyoloweshwa, wiki mbili kamili. Usipoweza hilo, usiguse unga kabisa.

Kwa parsele yako ningeanzia kwenye msingi. Yale mawe makubwa unayoyachimba yapange yakae yenyewe kwa yenyewe, mapengo uyajaze vipande vidogo, udongo wa sementi (sementi na mchanga) uwe wa kufunga tu. Hapo utaokoa mifuko mingi kuliko kwenye unga, na hakuna mashine ya kusagia ya kukodi.