Mtihani wa kwanza wa redio ya ridhaa Marekani: pa kukazia na pa kupita haraka

Leseni ya Technician, ya ngazi ya kwanza, ndiyo mlango wa kuingilia redio ya ridhaa (ham radio, kuwasiliana kwa redio kama burudani) nchini Marekani. Mtihani wake una maswali 35 ya kuchagua. Ukipata 26 umepita. Uraia hauulizwi. Sheria inamkataza mwakilishi wa serikali ya kigeni tu. Wengine wote, awe mwanafunzi, mkimbizi au mwenye green card, wanaruhusiwa mradi wana anwani ya posta ndani ya Marekani. Na akitokea mzee wa kukutisha na nukta na vistari vya Morse, hayo yalifutwa mwaka 2007.

Shughulika na jina lako kabla hata hujafungua kitabu. Utahitaji FRN, namba ya tarakimu 10 inayotolewa bure kwenye CORES, mfumo wa usajili wa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Hapo ndipo watu wetu wengi hujikwaa, kwa sababu tuna majina matatu na Wamarekani wanataka mawili na herufi moja katikati. Tuseme unaitwa Juma Hamisi Bakari. Leseni ya udereva inasema jina la ukoo ni Bakari, lakini kwenye CORES ulijaza Hamisi kwa kuwa ndilo jina la baba. Siku ya mtihani unajaza fomu kwa namna ya tatu. Faili likirudishwa, usishangae. Chukua kitambulisho utakachokwenda nacho, nakili jina herufi kwa herufi, na ulitumie hilo hilo kila mahali.

Jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa: anwani utakayoandika itaonekana na mtu yeyote duniani anayetafuta alama yako ya wito (call sign, jina lako la hewani) kwenye hifadhidata ya FCC. Kama hutaki watu wajue unapolala, andika sanduku la posta. Linakubalika.

Sasa masomo. Maswali yote yako hadharani pamoja na majibu yake, ni zaidi ya 400, na mtihani unayachukua neno kwa neno. Benki hiyo ya maswali hubadilishwa kila baada ya miaka 4. Iliyoanza 1 Julai 2022 mwisho wake ni 30 Juni 2026, kwa hiyo angalia kitabu cha kuazima kisiwe cha benki iliyokufa. Maswali yamepangwa katika makundi 35, na kila kundi linatoa swali moja tu. Mada ya sheria na kanuni peke yake ina makundi 6, kwa hiyo ni maswali 6. Ukiona kundi fulani linakula jioni tatu na bado halikai kichwani, liache. Limebeba alama moja, na unaruhusiwa kukosa 9.

Usikariri herufi. Jibu uliloliona kama C nyumbani linaweza kuja kama A, maana watungaji wanaruhusiwa kuchanganya mpangilio. Kariri sentensi yenyewe, tena kwa Kiingereza chake, kwa sababu ndicho utakachokutana nacho. Maana ielewe kwa Kiswahili, lakini istilahi iache ilivyo. Anayetafsiri kila neno kichwani huchoka akifika swali la ishirini, na hapo ndipo anaporuka neno dogo la kukanusha na kuchagua jibu ambalo ni kweli kabisa ila halikuulizwa. Pigia mstari kila neno la kukanusha. Na jibu linalosema "yote yaliyotajwa ni sahihi" usilichague kwa mazoea; hakikisha angalau mawili kati ya mengine ni kweli.

Kwenye hesabu, aliyepita kidato cha nne Tanzania au Kenya ana mtaji tayari. Ohm ni yule yule, ila volti amebadilishiwa herufi: shuleni tuliandika V = IR, hapa ni E = I × R. Nguvu ni P = E × I, kwa hiyo volti 13.8 na ampea 10 ni wati 138. Makosa hutokea kwenye vipimo: ampea 1.5 ni miliampea 1,500, na kHz 28,400 ni MHz 28.4. Desibeli usizikokotoe, zikariri: nguvu ikiongezeka maradufu ni 3, ikiongezeka mara kumi ni 10, ikishuka hadi robo ni hasi 6.

Urefu wa wimbi kwa mita ni 300 ukigawanya kwa masafa ya MHz. Chukua 146: unapata mita 2.05, ndiyo maana bendi inaitwa ya mita 2. Antena ya robo ya wimbi ingekuwa kama sentimita 51, yaani inchi 20, lakini antena halisi hukatwa fupi kidogo, na mtihani unataka inchi: jibu ni 19, yaani kama sentimita 48. Mwenye kutafuta 20 kwa sababu hesabu imempa 20 atahangaika bure.

Weka tarehe ya mtihani pale tu unapopata 30 kati ya 35 kwenye majaribio matano mfululizo. Chini ya hapo, woga wa siku yenyewe unaweza kukushusha hadi 25.

Siku hiyo nenda na kitambulisho chenye picha, FRN, barua pepe unayoifungua kila siku, penseli, na kikokotoo ambacho kumbukumbu yake imefutwa. Kikokotoo cha simu hakikubaliwi. Wasimamizi ni watu wa kujitolea, wasiopungua watatu, na vikundi vingi hutoza hadi dola 15. Vingine havitozi kitu. Majibu hupatikana hapo hapo. Ukifaulu, watakupa nafasi ya kujaribu mtihani wa General, leseni ya ngazi inayofuata, papo hapo. Jaribu hata kama hukusoma, hupotezi chochote. Anayefanyia nyumbani kwa kamera ajiandae kuonyesha chumba kizima, chini ya meza pia, na mtoto akifungua mlango mtihani unaweza kusimamishwa.

Halafu FCC watakutumia barua pepe ya kulipa dola 35. Una siku 10. Barua hiyo hupenda kujificha kwenye spam, na siku zikipita ombi linatupwa. Leseni hudumu miaka 10, na ya karatasi haiji kwa posta, unaipakua mwenyewe.

Redio ya mkononi waweza kuinunua mapema na kusikiliza. Kitufe cha kuongelea usikiguse mpaka alama yako ionekane kwenye hifadhidata. Cheti cha kufaulu peke yake si ruhusa ya kurusha. Na ukiifungasha redio hiyo kwenye begi la kwenda likizo Dar es Salaam au Mombasa, leseni ya Marekani haikuruhusu kurusha huko. Kibali kiombe mapema, TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, kabla hujakata tiketi.